Uchafu wa Mwili Unatokea Mlango Gani?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya chakula cha mtoto anayeanza kuachishwa ziwa. Siku chache baadaye nilikuwa jikoni kanisani pamoja na akina mama wenzangu, tukisugua masufuria baada ya sikukuu ya mavuno, mama mmoja akanigeukia na kuniuliza: "Sista, kila mwezi unatuandikia tule nini. Mbona hutuandikii kile kinachobaki kinakwenda wapi?" Wenzake waliangua kicheko, maana kwetu mambo ya chooni hayazungumzwi mbele ya sufuria. Mimi nami nilicheka. Lakini usiku ule swali lake lilinikosesha usingizi, kwa sababu ni swali ambalo nyumbani kwetu hatukuliuliza mapema, na tulilipia. Nitawaeleza jinsi tulivyolipia kabla sijamaliza.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Tukisema uchafu wa mwili, wengi hufikiri haja kubwa tu. Kumbe kinyesi kwa sehemu kubwa ni maji, vijidudu vya utumboni, na mabaki ya chakula ambayo hayakupata kuingia mwilini. Yalipita utumboni kama mpita njia anayekatiza uani kwako: hakuingia ndani ya nyumba, akatokea upande wa pili akaenda zake. Uchafu ninaotaka kuueleza leo ni ule ambao vitabu vya shule huuita takamwili. Huu hutengenezwa ndani ya mwili wenyewe, kila dakika, hata kama umefunga hukula kitu tangu asubuhi.

Fikiria jiko la kuni. Kuni zikiwaka hukupa moto wa kupikia, lakini pia hutoa moshi na kuacha majivu. Kila chembe hai ya mwili wako ni jiko dogo la namna hiyo. Sukari na mafuta yakiunguzwa humo hutoa nguvu, na pamoja na nguvu hutoka maji na hewa ya ukaa. Huo ndio moshi. Protini nazo, zile za maharage, samaki, nyama na maziwa, zikishatumika huacha kitu kikali kiitwacho amonia. Hayo ndiyo majivu. Jiko lisilozolewa majivu huzimika lenyewe, hata uliongeze kuni kavu kiasi gani.

Moshi hutoka kwa njia ya mapafu. Damu huubeba kutoka kila upande wa mwili, ukaufikisha kifuani, nawe ukautoa kwa pumzi bila hata kufikiri. Ukibana pumzi kwa muda, ile hamu kubwa ya kuvuta hewa unayoisikia huletwa zaidi na hewa ya ukaa inayojaa kwenye damu kuliko na upungufu wa hewa safi. Mwili unaogopa uchafu wake kuliko njaa yake.

Ngozi ni mlango mdogo. Jasho ni maji na chumvi, pamoja na takamwili kidogo sana, na kazi yake kubwa ni kupoza mwili. Nalisema hili kwa sababu nimewaona dada zetu wakijifunga nailoni tumboni na kuvaa masweta wakati wa jua kali, eti watoe sumu na mafuta. Mafuta hayatoki kwa jasho. Kinachotoka ni maji, ambayo figo zilikuwa zinayahitaji.

Ini ni fundi mkuu, nalo linastahili ukurasa wake siku nyingine. Leo niseme kazi zake mbili tu. Ya kwanza ni hii: chembe nyekundu za damu huishi kwa kadiri ya siku 120, kisha huchakaa na kuvunjwa. Mabaki yake yana rangi ya manjano, na ini huyachanganya na nyongo na kuyamwaga utumboni. Hayo ndiyo yanayokipa kinyesi rangi yake ya kahawia. Ikiwa mlango huo umeziba, manjano hurudi kwenye macho na ngozi. Mama mwenye mtoto mchanga na akumbuke jambo hili: ikiwa mtoto ana umri wa zaidi ya siku 14 na macho bado ni ya manjano, na hasa ikiwa choo chake ni cheupe kama udongo wa chokaa na mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi, usiendelee kumwanika juani kama unavyoshauriwa na majirani. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Huenda mirija ya nyongo haikufunguka, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza miezi miwili.

Kazi ya pili ya ini ni kuichukua ile amonia kali na kuigeuza kuwa yurea, ambayo si kali sana na huyeyuka kwenye maji. Lakini ini haliitoi nje. Huikabidhi damu, nayo damu huipeleka kwenye figo.

Nyumba inayofagiliwa mara sitini

Figo zako ziko nyuma, kila moja upande wake wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Kila moja ni kubwa kama ngumi yako na ina umbo la punje ya haragwe. Uzito wake ni gramu 150 hivi, yaani pungufu ya robo kilo ya sukari. Lakini katika kila lita 5 za damu ambazo moyo husukuma, lita moja hivi huenda kwenye viungo hivi viwili vidogo.

Ndani ya kila figo kuna machujio madogo sana, kadiri ya milioni moja, na kila moja lina mrija wake. Kwa siku nzima machujio hayo huchuja lita 180 za maji ya damu. Zipime kwa ndoo za lita 20: ni ndoo 9. Damu yako yote haina zaidi ya lita 3 za maji hayo, kwa hiyo maji yale yale huchujwa kiasi cha mara 60 kati ya asubuhi na asubuhi.

Mtu anaweza kuuliza, ndoo 9 zinakwenda wapi, wakati tunakojoa lita moja na nusu tu? Hapo ndipo figo inaponifurahisha, kwa maana inafanya usafi kama mwanamke anayesafisha nyumba yake kabla ya Krismasi. Hachagui takataka moja moja ndani ya giza. Hutoa vitu vyote nje uani, viti, mikeka, sanduku na vyombo, kisha hurudisha kimoja kimoja kile anachokihitaji. Figo hutoa karibu kila kitu kilichoyeyuka ndani ya damu, halafu katika ile mirija hurudisha sukari yote, maji karibu yote, na chumvi kwa kipimo. Kinachoachwa nje ni yurea, na kreatinini inayotokana na misuli, na asidi, na mabaki ya dawa tulizomeza. Huo ndio mkojo. Kwa sababu hiyo muuguzi akiona sukari au protini kwenye kikopo chako hushtuka: ni kama kukuta sahani nzuri za mgeni zimetupwa jalalani.

Isitoshe, figo zina kazi nyingine ambazo wengi hawazijui. Ndizo zinazosaidia kutawala presha. Ndizo zinazouagiza uboho wa mifupa utengeneze damu. Nimewahi kuona mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kwa miezi mingi, damu isiongezeke, mpaka ilipogunduliwa kwamba tatizo ni figo.

Na mama mjamzito? Mtoto aliye tumboni ana jiko lake pia, na majivu yake hupitia kwenye kondo kuingia kwenye damu ya mama. Mama huwazolea watu wawili. Kwa ajili hiyo uchujaji wa figo zake huongezeka kwa karibu nusu. Sasa waelewe wale wanaolalamika kwamba kliniki tunawasumbua kwa vikopo vya mkojo na kuwafunga mikono kwa mashine ya presha kila wanapokuja. Baada ya wiki 20 za mimba, presha ikifika 140 kwa 90 na protini ikionekana kwenye mkojo, hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba. Kichwa kinachouma sana, macho kuona mawenge, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso kuvimba ghafula: usisubiri siku ya kliniki. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kiungo kisichopiga kelele

Jino likioza, hulali. Tumbo likivurugika, nyumba nzima itajua. Figo si hivyo. Machujio machache yakifa, yaliyobaki huongeza bidii na kufanya kazi ya wenzao. Mtu anaweza kutoa figo moja kumpa ndugu yake na kuendelea kulima na kucheka. Ni akiba kubwa tuliyopewa, lakini akiba hiyo ndiyo inayotudanganya. Nusu ya uwezo hupotea bila hata kichwa kuuma. Tena chujio lililokufa halioti jingine.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe wangu.

Aliishi kijijini, mwanamke mwenye nguvu, aliyebeba maji na kuni kichwani tangu utotoni, na magoti yake yalikuwa yamechakaa. Mwaka 2008 yalianza kumsumbua sana. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, na kila tulipokwenda kumsalimia nilimpelekea vidonge vya diklofenaki. Vikiisha, alituma ujumbe, nami nikampa mtu wa basi. Alifurahi. Aliwaambia jirani zake kwamba mkwe wake ni muuguzi, hahangaiki na foleni. Nami nilifurahi kusifiwa. Katika miaka ile yote sikumbuki hata siku moja nilipobeba mashine ya presha kwenye mfuko wangu, ingawa kazini nilikuwa napima watu 40 kwa siku.

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2015 tulimkuta amebadilika. Asubuhi uso umevimba, jioni miguu imevimba. Alikuwa akijikuna. Nyama aliisogeza kando, akasema ina ladha ya chuma. Usiku aliamka mara nne kwenda haja ndogo. Niliazima mashine kwenye zahanati ya karibu nikampima: 190 kwa 110. Kesho yake tulikuwa hospitali ya mkoa.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Aliyasoma majibu ya damu, akauliza, "Bibi, umekuwa ukitumia dawa gani za maumivu?" Mama mkwe akamwambia. "Kwa muda gani?" Akamwambia. "Nani alikuwa akikupa?" Hapo hakunitazama. Akajibu, "Nilikuwa nikinunua mwenyewe dukani."

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Sikuweza kuliacha neno lile likae pale. Nikamwambia daktari, ni mimi niliyempa.

Alitueleza kwamba presha iliyokaa miaka bila kujulikana huenda ndiyo iliyoharibu zaidi, na vidonge vikaongezea. Hakuna awezaye kupima sehemu ya kila kimoja. Figo zilikuwa zimebaki na uwezo usiofika robo. Nalisimulia jambo hili kwa aibu, lakini naona afadhali ninyi mlisikie kutoka kwangu kuliko kutoka kwa daktari wa zamu.

Yaendayo figoni bila kualikwa

Vidonge vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kwa bahati mbaya kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mishipa ya figo ibaki wazi. Kijana mwenye afya akinywa siku tatu kwa sababu ya jino, mara nyingi hapati dhara. Mzee mwenye presha au kisukari, au mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara, akivitumia kila siku, anajinyima damu kwenye figo. Kwa magoti ya mama zetu, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo. Kitambaa chenye maji ya moto, mazoezi ya kunyoosha mguu na kupunguza uzito pia husaidia. Na mwenye dawa za presha amwonyeshe daktari kila kidonge anachomeza, hata vile vya dukani.

Kuna vingine. Siku hizi simu zetu zimejaa matangazo ya dawa za kusafisha damu, kusafisha figo, kutoa sumu na kupunguza tumbo. Nasema wazi: figo na ini ndivyo visafishaji, na hakuna chai inayoweza kuvifanyia kazi yake. Baadhi ya mitishamba ni chakula tu, haina neno. Mingine ni hatari. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza habari ya wanawake vijana ambao figo zao ziliharibika haraka, na wote walikuwa wametumia vidonge vya kupunguza unene kwenye kliniki moja. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Hatimaye waliodhurika walizidi mia moja, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Kitu kuwa cha mizizi hakukifanyi kuwa salama. Hata sumu ya mishale hutoka kwenye mti.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza juu ya wagonjwa wa figo waliovimba mwili na kupoteza protini nyingi kwenye mkojo. Wengi wao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozini, huingia kwenye damu, na ikifika kwenye figo huyaharibu machujio. Miaka zaidi ya 50 imepita, serikali zimepiga marufuku, na bado bidhaa zenye zebaki hukamatwa sokoni. Dada yangu, chochote unachojipaka, figo zako ndizo zitakazokiosha.

Na kuna tabia yetu wanawake ya kubana mkojo. Siilaumu, kwa kuwa naijua sababu yake. Mwenye genge sokoni hana wa kumwachia nyanya. Msafiri wa basi anaogopa kumwomba dereva asimame porini. Mwalimu anaona choo cha shule, anaamua kutokunywa maji mpaka arudi nyumbani. Lakini njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, wakati ya mwanamume hufika 20, na vijidudu vinapata safari fupi ya kuingia kibofuni. Mkojo ukitoka mara kwa mara huvisukuma nje. Ukikaa, huvipa mahali pa kuzaana. Ukisikia kuchomwa wakati wa kukojoa, nenda ukapimwe. Homa na baridi kali na maumivu ya mgongo upande mmoja vikiongezeka, vijidudu vimepanda hadi kwenye figo, na kwa mjamzito vinaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Wafundishe binti zako kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma.

Maji ya kunywa je? Tazama mkojo wako. Ukiwa wa manjano hafifu, unakunywa ya kutosha. Ukiwa mzito wa kahawia, ongeza. Huna haja ya kujilazimisha kunywa ndoo, na mgonjwa wa moyo au wa figo hupewa kipimo chake na daktari. Usiogope rangi kila mara: vitamini za jamii ya B huufanya ung'ae, na dawa ya kifua kikuu huugeuza rangi ya machungwa. Lakini mkojo wenye povu kama la sabuni lisiloisha, siku baada ya siku, upelekwe maabara. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi au koo, kisha wiki mbili tatu baadaye anaamka macho yamevimba na mkojo mweusi kama soda, asitibiwe nyumbani. Naye anayeogelea ziwani au kwenye mabwawa ya mpunga, akikojoa damu, apimwe kichocho.

Mashine

Dawa za presha na chakula cha kipimo vilimpa mama mkwe miaka mitatu bila mashine. Alijifunza kula chumvi kidogo, akanung'unika, akazoea. Mwanzoni mwa mwaka 2019 figo zikagoma kabisa. Tulipomweleza kwamba itabidi asafishwe damu mara tatu kwa wiki, saa 4 kila mara, na hospitali iko mbali na kijiji, alitutazama akasema, "Basi nitakuwa ninaishi njiani." Tukamleta mjini kwetu.

Mashine hiyo ina historia ya kustaajabisha. Daktari wa Uholanzi aitwaye Willem Kolff aliiunda mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani na vifaa havipatikani. Mirija ya kuchujia aliitengeneza kwa selofani, ile nailoni laini ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke mwenye umri wa miaka 67 alizinduka, akaishi miaka mingine kadhaa. Na mwaka 1954 huko Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walimpandikiza mtu figo ya pacha wake, na huo ukawa upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa. Kwetu Tanzania, upandikizaji wa kwanza ulifanyika Muhimbili mwezi Novemba mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi.

Nawashukuru waliobuni mashine, maana ilitupa miezi minane zaidi pamoja naye. Lakini hesabu yake ni ngumu. Wiki ina saa 168. Mashine humsafisha mtu kwa saa 12. Saa zote nyingine majivu hujikusanya, na maji anayokunywa hayana pa kutokea, na ndiyo maana alikuwa akipimiwa kwa kikombe. Hata ndizi ilibidi tuichemshe na kumwaga maji yake, kwa sababu ya potasiamu. Gharama sitazieleza, mwenye mgonjwa wa figo anazijua, na ng'ombe wetu walizijua.

Siku moja alikuwa amelala akitazama damu yake ikizunguka ndani ya mpira mwembamba. Akaniuliza, "Mwanangu, uchafu wote huu zamani ulikuwa ukitokea wapi?" Nilichukua kalamu nikamchorea figo mbili nyuma ya kadi yake ya kliniki, na mirija yake, na kibofu. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni vitu vidogo hivi." Alifariki mwezi Oktoba mwaka huo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, umoja wetu wa akina mama utaweka meza nje ya kanisa baada ya ibada. Tutapima presha bila malipo, na tutakuwa na vijiti vya kupimia mkojo kwa sukari na protini. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, mwenye kisukari au presha, aliyewahi kuwa na presha ya mimba, au ambaye kwao kuna mgonjwa wa figo, afike. Atakayeonekana na dalili tutamwandikia karatasi aende hospitali kupima kreatinini kwenye damu. Kwa wale walio mbali, vipimo hivi hupatikana katika vituo vingi vya afya. Vitaje kwa majina yake ukifika. Njoo pia na mama yako, au mama mkwe, na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na zile unazompelekea wewe.